Fundi wa Kijijini: Pikipiki Inazimika Ukitia Gia



Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa pikipiki. Injini inawaka vizuri. Inanguruma bila taabu. Lakini unapotia gia ya kwanza, inazimika. Unawasha tena. Unatia gia. Inazimika tena.

Hapa Unguja pikipiki inafanya kazi kubwa. Inabeba samaki kutoka Chwaka. Inabeba watu kutoka Mkokotoni na Makunduchi. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo gari haliwezi kupita, pikipiki na Vespa hupita. Pikipiki ikizimika, kazi inasimama.

Tuchukue mfano. Mchuuzi wa samaki yuko Chwaka asubuhi. Tenga lake limejaa. Safari ya mjini ni zaidi ya kilomita 30. Anatia gia, pikipiki inazimika. Anaisukuma hadi kwa fundi. Fundi hapimi kitu. Anafungua injini na kubadilisha pleti za klachi. Jua linapanda. Samaki wanaharibika. Fedha zinakwenda. Mwishowe pikipiki bado inazimika. Kumbe stendi ya pembeni haikukunjwa vizuri!

Mchuuzi huyu amepata hasara mbili: hasara ya samaki na hasara ya fedha. Kwa hiyo kumbuka neno hili: pima kwanza, fungua baadaye. Anza na jambo lisilo na gharama.

KWA NINI IZIMIKE KWENYE GIA?

Pikipiki ikiwa kwenye gia huru, ambayo mafundi huiita nyutro, injini inazunguka peke yake. Haivuti gurudumu. Ukitia gia, injini inaungana na gurudumu. Kinachozitenganisha ni klachi tu.

Fikiri juu ya gari la ng'ombe. Gurudumu la gari limewekewa jiwe. Ukimfunga ng'ombe na kumwambia aende, atavuta, kisha atasimama. Injini nayo ni hivyo hivyo. Klachi isipoiachia, itavuta gurudumu lililosimama, kisha itazimika.

Basi angalia jinsi pikipiki yako inavyozimika. Iko namna tatu:

1. Inazimika ghafla, kama umeizima kwa ufunguo. Tazama stendi.
2. Inaruka mbele, kisha inazimika. Tazama klachi.
3. Inapungua nguvu kidogo kidogo, inakohoa, kisha inazimika. Tazama mngurumo wa injini.

Fanya majaribio yako nje, mahali penye hewa na pa tambarare. Usiwashe injini ndani ya chumba. Moshi wake unaua.

KWANZA: STENDI YA PEMBENI

Pikipiki nyingi za siku hizi zina swichi ndogo kwenye stendi ya pembeni. Stendi ikiwa chini, injini huweza kuwaka kwenye gia huru. Ukitia gia, swichi inakata umeme. Injini inazimika papo hapo. Hapo pikipiki haijaharibika. Inakuonya.

Kunja stendi mpaka mwisho. Jaribu tena. Ikiwa bado inazimika ghafla, chuchumaa uitazame swichi. Je, ina matope? Ina mchanga? Spring'i ya stendi imelegea? Sisi tunaishi karibu na bahari. Chumvi na mchanga huingia kila mahali na kuleta kutu. Osha swichi kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Ikaushe kwa kitambaa. Tia tone la oili mahali stendi inapokunjwa. Kama swichi imekufa, nunua nyingine.

Sasa sikiliza kwa makini. Mafundi wengine huondoa swichi hii na kuunganisha nyaya zake. Pikipiki inatembea, na mwenyewe anafurahi. Lakini hatari imebaki. Stendi iko upande wa kushoto. Siku moja utasahau kuikunja. Utafika kwenye kona ya kushoto, na pikipiki italala kushoto. Stendi itagonga barabara na kuinua gurudumu la nyuma. Utaanguka wewe na abiria wako. Pengine abiria huyo ni mama mjamzito unayemkimbiza hospitali. Usikubali swichi iondolewe. Itengenezwe.

Vespa za zamani hazina swichi hii. Mwenye Vespa aanze na klachi.

PILI: KLACHI

Zima injini. Tia gia ya kwanza. Bana mkono wa klachi mpaka mwisho, kisha sukuma pikipiki. Ikitembea kwa wepesi, klachi inaachia. Ikiwa nzito sana, klachi haiachii.

Mara nyingi sababu ni waya wa klachi kulegea. Bana mkono wa klachi polepole kwa kidole. Mwanzoni utacheza kidogo bila kuvuta kitu. Katika pikipiki nyingi, mchezo huo kwenye ncha ya mkono ni milimita 10 hadi 20. Ni kama upana wa kidole kimoja. Ukizidi, waya umelegea. Legeza nati ya kufungia iliyo karibu na mkono huo. Zungusha nati ya kurekebishia kidogo. Pima, kisha funga. Lakini usikaze mno. Mchezo ukikosekana kabisa, klachi itateleza na pleti zitaungua.

Tazama pia ncha za waya. Kama nyuzi zake zimeanza kukatika, badilisha leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye Vespa waya huu hupita ndani ya mwili hadi kwenye injini. Kuharibika kwake hakuonekani upesi, kwa hiyo uchunguzwe mara kwa mara.

Tazama na oili. Pikipiki nyingi ndogo hutumia oili moja kwa injini na klachi. Oili nzito mno, au iliyozidi kipimo, hufanya pleti zigandane. Tumia oili iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Pikipiki iliyokaa wiki nyingi bila kuwashwa pia huweza kugandana pleti.

TATU: MNGURUMO WA INJINI

Injini baridi haina nguvu. Iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kutia gia. Ikiwa imepata moto na bado inakohoa, huenda mngurumo wake ni mdogo mno. Injini nyingi ndogo za silinda moja hutakiwa kuzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika. Kwenye kabureta iko skrubu ya kuongeza mngurumo. Izungushe kidogo tu, ukisikiliza.

Kama haikusaidia, safisha chujio la hewa na plagi. Kisha kabureta isafishwe. Pikipiki nyingine mpya hazina kabureta. Hizo zipeleke kwa fundi anayezijua.

Ukimaliza hatua hizi tatu na ugonjwa haujapona, sasa nenda kwa fundi. Mweleze ulichopima na ulichokiona. Mwambie: "Stendi ni nzima. Waya nimeurekebisha. Inaruka mbele kabla ya kuzimika." Fundi mwema atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Na yule anayetaka kufungua injini bila kupima atajua kwamba mwenye pikipiki amesoma.

JIPIME

1. Pikipiki ikizimika ghafla unapotia gia, utatazama nini kwanza?
2. Mchezo wa mkono wa klachi uwe kiasi gani?
3. Kwa nini si vizuri kuondoa swichi ya stendi?

Msomee na jirani yako mwenye pikipiki ambaye bado anajifunza kusoma.