Kutoka Bunia mpaka Leopards: safari ya beki Tuanzebe inawaambia nini wazazi wa Misisi?

Tangu Leopards waondoe Nigeria huko Rabat, Moroko, tarehe 16 Novemba 2025, hadithi ya mpira haiishi Misisi. Kwenye vibanda vya kuonyeshea mechi, kwenye mashimo ya dhahabu, hata sokoni, ni Leopards tu. Siku tatu mbele ya pale, tarehe 13, Kameruni ilikuwa imelala 1-0, bao la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Halafu Nigeria: 1-1, wakaenda penalti, 4-3. Aliyepiga penalti ya mwisho ni Mbemba tena. Mechi mbili kubwa, na aliyezimaliza zote mbili ni beki.

Baada ya hapo ulibaki mlango mmoja. Mwezi wa Machi 2026, huko Guadalajara, Mexico, Leopards walipangiwa kucheza na mshindi kati ya Jamaica na Nouvelle-Calédonie. Kushinda mechi hiyo kulimaanisha Kongo kurudi kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974, wakati ingali inaitwa Zaire. Ile safari ya 1974 wazee wanaikumbuka kwa uchungu: mechi tatu, mabao 14 ya kufungwa, hakuna hata moja la kufunga.

Lakini kwa mtu wa mashariki, kuna jina lingine katika ulinzi wa Leopards linalostahili kuangaliwa kwa karibu. Ni Axel Tuanzebe. Hatajwi sana kama Bakambu ao Wissa, kwani beki akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemwona. Ila huyu alizaliwa Bunia, katika Ituri, tarehe 14 Novemba 1997. Maana yake alitimiza miaka 28 katikati ya mechi ya Kameruni na ile ya Nigeria.

Jamaa yake ilihamia Uingereza angali mtoto mdogo, wakakaa Rochdale, mji wa karibu na Manchester. Akiwa na miaka 8 aliingia shule ya mpira ya Manchester United. Akapanda ngazi moja moja, akawa kapiteni wa timu za vijana, na mwaka wa 2015 klabu ikamchagua kuwa kijana bora wa mwaka. Januari 2017 akacheza mechi yake ya kwanza na timu kubwa. Septemba 2019 akavaa kitambaa cha ukapiteni wa United katika uwanja wa Old Trafford, na wapinzani siku ile walikuwa nani? Rochdale, timu ya mji uliomlea.

Mtu akisoma mpaka hapo atasema njia ilikuwa nyoofu. Haikuwa hivyo. Mwili wake ulimsumbua sana. Tarehe 20 Oktoba 2020, Manchester United walikwenda Paris kucheza na PSG ya Neymar na Mbappé. Tuanzebe alikuwa ametoka kukaa karibu miezi 10 bila kucheza mechi ya timu kubwa juu ya majeraha. Akapangwa, akasimama mbele ya Mbappé usiku mzima, United wakashinda 2-1. Kila gazeti likamsifu. Miezi mitatu nyuma yake, Januari 2021, timu ikapoteza nyumbani mbele ya Sheffield United, na watu wakamrushia matusi ya rangi ya ngozi kwenye simu yake. Kijana ni yule yule.

Kwa jumla, mechi alizocheza na timu kubwa ya United hazikufika 40. Aliazimishwa Aston Villa, akawasaidia kupanda daraja la juu mwaka wa 2019. Akaazimishwa Napoli, halafu Stoke. Mwaka wa 2023 mkataba ukaisha, akabaki bila klabu mpaka Septemba. Ni Ipswich, iliyokuwa daraja la pili, iliyomchukua, na mwaka uliofuata ikapanda. Oktoba 2024 akajikata vibaya kidole gumba akiosha vyombo nyumbani (ndiyo, kuna wanaume wa Premier League wanaoosha vyombo). Ipswich ikashuka, na mwaka wa 2025 akaenda Burnley.

Na Kongo je? Alikuwa amechezea timu za vijana za Uingereza, lakini timu kubwa ya Uingereza hakuwahi kuichezea. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji wa namna hiyo kubadili, kama ana asili ya nchi anayoitaka. Mwaka wa 2024 akaitika mwito wa kocha Sébastien Desabre. Ulikuwa ni mwaka ule ule ambao Leopards, kwenye nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan, walisimama wakati wa wimbo wa taifa mkono mmoja ukifunika mdomo na vidole viwili vikiwa kichwani kama bunduki, kuonyesha dunia mauaji ya mashariki. Tuanzebe hakuwa kwenye kundi lile. Lakini timu aliyoingia ni ile iliyokuwa imekwisha kusema jina la nyumbani kwao mbele ya dunia.

Sasa turudi Misisi. Kila jioni watoto wanacheza mpira kwenye udongo mwekundu, wengine wakitoka moja kwa moja kubeba mifuko ya mawe ao kusafisha mchanga wa dhahabu. Mzazi akimwona mtoto wake anacheza vizuri, anaota. Na mahali penye ndoto na pesa kidogo ya dhahabu, hapakosi mtu wa kujiita manajeri. Anakuja na picha kwenye simu, anasema kijana wa miaka 14 ao 15 atapelekwa klabu ya Ulaya, zinatakiwa tu dola za pasipoti, viza na «faili».

Hapo njo safari ya Tuanzebe inafundisha kitu ambacho hao watu hawakisemi. Kanuni ya FIFA, kifungu cha 19, inakataza mchezaji mwenye chini ya miaka 18 kuhamishwa toka nchi moja kwenda nchi nyingine. Kuna ruhusa chache. Moja ni pale wazazi wenyewe wanapohama kwa sababu isiyohusu mpira. Ndiyo iliyokuwa hali ya Tuanzebe: jamaa ilihama kwanza, mpira ukafuata miaka kadhaa nyuma yake. Ruhusa nyingine ni ya nchi za Ulaya kati yao, kwa vijana wa miaka 16 mpaka 18. Hakuna ruhusa ya kumchukua mtoto wa miaka 14 Misisi na kumsainisha Ubelgiji. Anayeahidi hivyo, ao hajui kanuni, ao anamwibia mzazi. Wakala wa kweli ana ruhusa ya FIFA, na malipo yake yanatoka kwenye mkataba uliokwisha kusainiwa. Hayatoki kwenye mfuko wa papa wa mtoto mbele ya safari.

Njia iliyo karibu zaidi na ya kijana wa hapa ni ile ya Mbemba. Yeye alizaliwa na kukulia Kinshasa, akacheza kwenye klabu za hapo, ndipo akaenda Anderlecht ya Ubelgiji. Kisha Newcastle, Porto ambako alichukua ubingwa mara mbili, Marseille, halafu Lille. Ila Mbemba naye alikuta shida kwenye mlango: makaratasi yake yalikuwa na tarehe za kuzaliwa zaidi ya moja, na mzozo ule ukafika mpaka FIFA. Kijana mwenye kipawa alitumia nguvu kubwa kujibu swali la siku aliyozaliwa.

Katika Misisi swali hilo ni zito zaidi. Jamaa nyingi ni za kuhamahama: wamekimbia vita, ao wamefuata dhahabu toka shimo moja mpaka lingine. Sheria ya Kongo inasema mtoto aandikwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, na ni bure. Siku hizo zikipita, lazima kupitia tribinali, na hapo njo safari na gharama zinaanza. Wengi wanaacha. Mtoto anafika miaka 16, anacheza kama Mbemba, lakini kwenye kitabu cha serikali hayuko.

Kuna pia pesa ambazo timu za hapa hazizifikirii. Mchezaji akinunuliwa na klabu ya nchi nyingine, FIFA inataka asilimia 5 ya bei igawanywe kati ya klabu zote zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23. Tuseme mchezaji kauzwa dola milioni 1. Dola 50 000 zinawekwa pembeni. Klabu iliyomlea toka miaka 12 mpaka 15 inapata dola 2 500 kwa kila mwaka mmoja, ni kusema dola 10 000 kwa ile miaka minne. Kwa timu ya Misisi hiyo ni mipira, viatu na usafiri wa miaka mingi. Na haiko mara moja tu: kila anapouzwa tena, hesabu inarudi. Lakini ili ilipwe, klabu lazima iwe imetambuliwa na FECOFA, na jina la mtoto liwe limeandikwa kwenye leseni, msimu kwa msimu. Timu ya karieri isiyo na karatasi haidai kitu, hata kama yeye ndiye aliyemfundisha yule kijana kupiga kichwa.

Bunia pia haikupata kitu kwa Tuanzebe, kwani aliondoka mbele ya kufika miaka 12. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Kwa vijana walio hapa leo, hali ni tofauti.

Kweli, wakati si mzuri. Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, na viongozi wa jimbo wakahamia Uvira. Kumwambia kiongozi wa timu ya Misisi aende kufuata leseni katika hali hii si jambo jepesi, na barabara ya kwenda Baraka wakati wa mvua kila mtu anaijua. Lakini daftari halihitaji barabara: jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, msimu aliocheza, picha, sahihi ya mzazi. Siku ofisi zitakapofunguka vizuri, timu yenye daftari itakuwa na cha kuonyesha. Maniema Union ya Kindu, jimbo la jirani, imekwisha kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na kwa kijana wa Fizi hiyo iko karibu kuliko Anderlecht.

Mechi ya Guadalajara ilipangwa tarehe 31 Machi 2026. Mtoto aliyezaliwa Misisi siku ya mwaka mpya wa 2026, siku zake 90 za kuandikwa bure ziliangukia kuisha wiki ile ile.