CHAPATI YA UNGA MZIMA NI CHAKULA CHA MFANYAKAZI



Mtu mwenye ugonjwa wa sukari akifika dispensari, tunamwuliza: «Asubuhi unakula nini?» Mara nyingi anajibu: «Chai ya sukari nyingi na mkate mweupe.» Mwingine anasema: «Chai na mikate ya mafuta niliyonunua njiani.» Kisha anaingia kazini saa nane nzima.

Bukari yetu hatuiachi, na ukurasa huu haukuja kuigombanisha na mtu. Leo tuseme juu ya chakula cha asubuhi na kile cha kubeba kazini. Maoni yangu ni haya: nyumba inayonunua mkate mweupe kila siku ingepata faida zaidi kama ingetengeneza chapati ya unga mzima.

CHAPATI YA KWELI NI IPI?

Chapati ilitoka India. Kule, katika nyumba nyingi, inatengenezwa kwa unga unaoitwa atta, ndio ngano iliyosagwa pamoja na ganda lake. Wanaongeza maji na pengine chumvi kidogo. Inaiva juu ya chuma kikavu, bila mafuta. Ile yenye mafuta ndani, inayofunguka tabaka kwa tabaka, Wahindi wanaiita kwa jina lingine: paratha.

Wahindi walikuja na chakula chao Afrika ya Mashariki. Wengine walikuwa wafanyabiashara, na maelfu waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria, toka mwaka 1896 mpaka 1901. Leo chapati inauzwa njiani Goma, Bukavu na kwingine. Lakini ilibadilika: unga umekuwa mweupe na mafuta yamekuwa mengi. Kwa hiyo ile tunayonunua inafanana zaidi na paratha. Ni tamu, siikatai siku ya sikukuu. Kula kila asubuhi ni neno lingine.

GANDA SI UCHAFU

Watu wengi wanafikiri unga mweupe ni wa heshima na unga mwekundu ni wa maskini. Tuangalie punje ya ngano. Ndani kuna sehemu nyeupe ya wanga, karibu 83 kwa mia. Ganda ni karibu 14 kwa mia, na kiini, yaani mahali mmea unapochipukia, karibu 3 kwa mia. Wakitengeneza unga mweupe, wanatoa ganda na kiini. Huko ndiko kuna vitamini nyingi, madini ya chuma, na zile nyuzi zinazosaidia tumbo. Gramu 100 za unga mzima zina gramu 10 hivi za nyuzi. Unga mweupe una gramu 3 tu.

Munganga mmoja wa Uholanzi, Christiaan Eijkman, aliona jambo la ajabu kisiwani Java, karibu na mwaka 1890. Kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walilegea miguu, wakashindwa kusimama. Walipopewa mchele wenye ganda lake, walipona. Ndivyo watu walivyoanza kufahamu vitamini, naye akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1929. Kile tulichokuwa tunatupa ndicho kilichokuwa dawa.

FAIDA KAZINI

Mkate mweupe na chai tamu vinapandisha sukari ya damu haraka, kisha inashuka, na njaa inarudi mapema. Mtu mwenye njaa anachoka na akili yake inatoka kazini. Anayeendesha gari kubwa au anayesimama karibu na mashine hana ruhusa ya kupoteza akili hata dakika moja. Unga mzima unaenda polepole tumboni. Ukila chapati mbili pamoja na maharage, utafika mbali.

Tena, ugonjwa wa sukari usiotunzwa unaharibu macho, figo na miguu. Fundi asiyeona vizuri atafanya kazi gani?

NAMNA YA KUTENGENEZA (chapati 12 ndogo)

1. Chukua unga mzima gramu 500 na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi.
2. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, karibu gramu 300 hivi. Unga mzima unakunywa maji kuliko mweupe.
3. Kanda dakika 10 mpaka ulainike. Funika kwa kitambaa cha maji, ungoje dakika 30. Usiruke hatua hii: ganda linahitaji muda wa kulainika.
4. Gawa madonge 12. Sukuma kila moja kwa chupa safi, liwe jembamba.
5. Weka juu ya chuma cha moto, bila mafuta. Ikianza kutoa mapovu, geuza. Dakika moja kila upande inatosha.
6. Zifunge pamoja ndani ya kitambaa safi, zitabaki laini.

Ukikosa unga mzima dukani, nunua ngano, ichague, ioshe, ianike ikauke kabisa, upeleke kwenye mashine ya kusaga. Usichunge. Usichukue pumba za magunia ya chakula cha wanyama, hazikutunzwa kwa ajili ya watu. Tena Wahindi wanatengeneza mikate kama hii kwa mahindi na kwa mtama. Unga huo haushikani vizuri, basi wanaukanda kwa maji ya moto na kuutandaza kwa mkono.

MAMBO YA KUANGALIA

— Mbabula ya makala iwake nje. Ndani ya chumba kilichofungwa moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.
— Unga mzima unaharibika upesi kwa sababu kiini kina mafuta. Nunua wa wiki mbili, uweke pakavu. Ukiwa na ukungu au harufu mbaya, tupa.
— Kazini nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua kitambaa. Vumbi la mgodi si chumvi ya chakula.
— Mgonjwa wa sukari asiache dawa zake. Chapati sita ni nyingi, hata za unga mzima. Kule India kwenyewe mamilioni ya watu wana ugonjwa huu: chapati peke yake haimlindi mtu.

Najua mama atasema: «Nani atakanda saa kumi ya usiku?» Ana haki. Kanda jioni, pika jioni, asubuhi pasha moto. Na wewe baba, mkono unaoshika nyundo unaweza kukanda unga pia. Afya unayoitafuta ni yako, basi usimwachie bibi yako kazi yote.

Jaribuni mwezi mmoja. Afya ya nyumba inaanza jikoni, kabla ya dispensari.