Leza ya California: tusishangilie kabla ya kuhesabu kinachovuja

Itakumbukwa kuwa Desemba 5, 2022, wanasayansi wa maabara ya Lawrence Livermore, California nchini Marekani, walielekeza miale 192 ya leza kwenye shabaha yenye kidonge cha haidrojeni nzito. Viini vya atomi viliungana na kutoa nishati ya megajuli 3.15. Kwa kuwa leza ilipeleka megajuli 2.05 tu, dunia iliambiwa kwamba kilichovunwa kimezidi kilichopandwa. Aprili 2025 zikavunwa megajuli 8.6.

Mwanafunzi wangu mmoja akaniuliza: "Mwalimu, basi shida ya umeme imekwisha?" Mimi niliyesoma ukimbizini kwa koroboi ningependa kumjibu ndiyo. Lakini hesabu inakataa.

Ndugu msomaji, ili leza hiyo ifyatuke mara moja, mtambo huvuta umeme wa takriban megajuli 300. Yaani hata asilimia moja haifiki kwenye shabaha. Mavuno ya 2025 nayo hayafikii asilimia tatu ya umeme uliotumika.

Je, nyingine inapotelea wapi? Kwanza, taa kubwa zinazochochea vioo vya leza hutoa joto jingi lisilo na kazi. Pili, mwanga huzaliwa ukiwa infraredi, na unapogeuzwa kuwa urujuanimno ndani ya fuwele, karibu nusu yake hupotea. Tatu, leza haikipigi kidonge chenyewe, bali kuta za kikopo kinachokizunguka, ambazo hutoa eksirei. Katika megajuli mbili, kidonge hufyonza kama robo megajuli tu.

Hasara nyingine ni ya njiani. Gesi iliyomo kikoponi ikipata joto hugeuka plazima na kuurudisha mwanga ulikotoka. Hapo wataalamu walifanikiwa: walipunguza gesi ya heliamu, na mwanga unaorudi ukapungua sana. Kwa upande wa taa, dawa inayotajwa ni dayodi, ambazo zinalengwa kuifikisha leza kwenye asilimia 10 au zaidi.

Hata hivyo, tusisahau kuwa mtambo huo ulijengwa hasa kwa ajili ya utafiti wa silaha za nyuklia, si kuuza umeme. Hufyatua mara chache kwa siku, wakati kituo cha umeme kitahitaji mara kadhaa kila sekunde.

Kwa hiyo, ushindi wa California ni wa kweli, ila ni wa kisayansi. Kiongozi atakayetuambia tuahirishe mabwawa na nyaya kwa kuwa nishati ya jua imeshashushwa duniani, aulizwe swali moja tu: umehesabu kuanzia kwenye leza, au kuanzia kwenye mita?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka huzibwa kwanza.