Kamera ya nyumbani: nani mwingine anatazama?

Tangu vita kufika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wengi wetu tuliohama tunazitazama nyumba zetu kwa kamera, kupitia simu. Ni faraja, lakini tuwe macho. Mwaka 2016, programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu ya kamera duniani, kwa sababu wenye kamera hawakubadili neno la siri la kiwandani. Anayeingia kwa mlango huo anaweza pia kujua kwamba nyumba haina mtu. Basi tubadili neno hilo, tuwashe uthibitisho wa hatua mbili, wala tusifungue kamera kwa simu ya kuazima. Na jirani tusimsahau: kamera huonyesha mwizi, jirani hupiga yowe.