Meza ya Duka Nayo Itungiwe Sheria

Sheria kuu za nchi yetu zimetungwa dhidi ya dawa za kulevya zenyewe, na ni haki kwamba zitungwe hivyo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1995, imewawekea adhabu kali mlimaji wa bangi, msafirishaji na muuzaji. Na Mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2017 kwa nguvu ya sheria hiyo imeteketeza mashamba mengi ya bangi na kunasa shehena za heroini baharini. Lakini baina ya shamba la bangi na kifua cha kijana kuna mahali padogo ambapo jicho la Serikali Kuu haliwezi kufika kila siku, napo ni meza ya duka la rejareja. Ulinzi wa mahali hapo ni wajibu wa serikali ya kijiji, na rai yangu ni kwamba vijiji vya Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino, havina budi kupatungia sheria ndogo yenye insafu.

Tazama kibanda kimoja cha njiani wapitapo wanafunzi. Mbele, penye peremende, kalamu na madaftari, vimetundikwa vijitabu vya karatasi nyembamba za kusokotea ambazo vijana huziita rizla. Kando yake kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba ili kila apitaye awashe. Na chini yake pakiti ya sigara imefunguliwa ili ziuzwe moja moja. Mwenye kibanda hauzi bangi, wala simtuhumu kwa neno hilo. Walakini mzee wa Kigogo apendaye tumbaku aghalabu hunusa ugoro wake au huvuta kiko chake, na mvutaji wa sigara hununua iliyokwisha kusokotwa kiwandani. Basi wengi wa wanaozinunua karatasi zile wanajulikana ni akina nani, na mwenye duka anajua vilevile. Mtoto aliyetumwa daftari, asimamapo pale akingoja chenji, hufundishwa pasipo neno lolote kwamba chombo cha msokoto ni bidhaa kama peremende, na funzo la namna hiyo huingia moyoni upesi kuliko mawaidha ya mwalimu.

Uwezo wa kuliondoa funzo hilo upo, wala hauhitaji kuombwa Bungeni. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, maadamu wanakijiji wameshauriwa na Halmashauri ya Wilaya imetoa idhini yake. Wala jambo lenyewe si geni katika taifa. Mwaka 2003 nchi ilikataza kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18; mwezi wa Julai 2016 ikapiga marufuku shisha; na tarehe 1 Machi 2017 ikaondoa viroba madukani, si kwa kuwa pombe ilikatazwa, bali kwa kuwa kipimo kile kidogo cha bei ndogo kiliingia kwa wepesi katika mfuko wa mwanafunzi. Katika hayo yote ilitambulikana kwamba namna kitu kinavyouzwa yaweza kuleta madhara yake yenyewe.

Yupo atakayesema kwamba karatasi ni karatasi tu, wala haina hatia. Hoja hiyo ni nzito na yastahili jibu. Huko Marekani mwaka 1978 kijiji cha Hoffman Estates, jimbo la Illinois, kilimtaka kila muuzaji wa vyombo vilivyobuniwa au kutangazwa kwa matumizi ya bangi na dawa nyingine haramu achukue leseni, asiwauzie watoto, na aandike majina ya wanunuzi. Duka moja likashitaki kwamba kanuni hiyo haieleweki, na shauri likapanda hata Mahakama ya Juu ya nchi ile, ambayo mwaka 1982 ilikipa kijiji ushindi. Hukumu iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall, yule yule aliyewashauri wajumbe wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1960, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kuachilia haki za raia. Katika maelekezo ya kijiji kile karatasi nyeupe ya tumbaku iliruhusiwa kuwekwa wazi. Kilichotazamwa ni jinsi bidhaa ilivyopambwa, ilivyotangazwa na ilivyopangwa mbele ya mnunuzi. Kitu hakina hatia, lakini muuzaji ana hiari ya jinsi anavyokiuza, na hiari ndiyo iwajibikayo mbele ya sheria.

Hapo ndipo panapotakiwa hadhari kubwa, kwa sababu vyombo havilingani. Bomba la sindano laweza kutumiwa na mjidungaji wa heroini. Lakini katika nchi hii yetu ya mifugo hilo hilo humtibu ng'ombe, na kwa mgonjwa wa kisukari ni uhai wake. Hata kwa yule aliyekwisha kunaswa na heroini, sindano safi humkinga na Ukimwi na homa ya ini mpaka siku atakapofika kwenye tiba, na tiba ipo: methadone ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na leo hutolewa hata hapa kwetu, katika kituo cha Itega, Dodoma. Sheria ndogo itakayomtisha muuzaji wa duka la dawa hata afiche sindano zake itakuwa imemdhulumu mgonjwa pasipo kumwokoa kijana.

Na isitungwe kwa amri tupu. Wazee wa Mvumi hawajasahau mwaka 1986, mifugo ilipoondolewa katika tarafa nzima chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ili kuiokoa ardhi iliyoliwa na mmomonyoko. Kusudi lilikuwa jema, lakini mzigo wake ulibebwa na kila boma, na tangu hapo watu wanajua tofauti ya kanuni waliyoshauriwa na ile waliyoletewa.

Kwa hiyo naomba mambo manne yaandikwe, tena kwa lugha ambayo mwenye kibanda ataifahamu. Karatasi za kusokotea na viko vya dukani viwekwe nyuma ya muuzaji, mbali na bidhaa za watoto. Asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Sindano na vifaa vya tiba visiguswe na sheria hii. Na faini imwangukie muuzaji baada ya onyo la maandishi, wala mgambo asipewe ruhusa ya kupekua mifuko ya vijana njiani. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Wazazi na wenye maduka walilete jambo hili katika mkutano ujao, walijadili kwa staha, kisha walipeleke Chamwino likapate idhini.