Wasukaji waje kufundisha shuleni



Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu somo la sanaa katika shule za msingi.

Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, uchoraji wake haukufa. Vijana wa Dar es Salaam walikwisha kujifunza kwa kukaa naye akichora.

Hapa Muyama sisi walimu tunachora kikapu ubaoni, watoto wanakinakili, tunasahihisha. Huku nyumbani bibi zao wanasuka vikapu vyenyewe! Mimi chuoni nilifundishwa kufundisha sanaa, sikufundishwa kusuka.

Naziomba halmashauri zitenge posho ili wasukaji na wafinyanzi waje shuleni, nasi walimu tujifunze pamoja na watoto. La sivyo, wazee hao watazikwa na ufundi wao.

Mwalimu,
Muyama, Kigoma.