Daftari la Wiki: Vigawo vya Tana River

315,943. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Tana River katika sensa ya Agosti 2019. Wiki hii nimeikalia kwa kalamu na karatasi, nikisaka nambari zinazoigawanya bila kubakiza kitu. Mbili haiingii, tatu haiingii. 7, 11, 13, zote hubakiza. Kufika 37, ikaingia barabara: 37 mara 8,539. Nayo 8,539 ni nambari tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kulithibitisha hilo si kazi ya kuogopwa. Yatosha kujaribu nambari tasa hadi 89, kwa kuwa 93 mara 93 imeshaipita 8,539.

*

Sensa ya 2009 ilipata watu 240,075. Nambari karimu hii! Ni 3 mara 3 mara 5 mara 5 mara 11 mara 97, na ina vigawo 36; ile ya 2019 ina vinne tu. Majimbo yetu ni Garsen, Galole na Bura, na wadi ni 15. Watu wa 2009 wangegawika sawasawa: 80,025 kwa kila jimbo, 16,005 kwa kila wadi. Wale wa 2019 hubakiza mmoja kwenye majimbo na 13 kwenye wadi. Najua watu hawakai kwa mafungu sawa. Mpokomo hufuata mto na shamba lake, Muorma na Mwardei hufuata malisho. Lakini muuza maembe wa Garsen anaielewa tofauti ninayoisema: maembe 36 atayapanga mafungu ya matatu, manne, sita au tisa, yakiwa 37, moja halina fungu.

*

Delta ya Tana iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012, hekta 163,600. Sifuri mbili za mwisho zaonyesha kwamba hapa pamekadiriwa. Sitafuti siri katika vigawo vyake.

*

Watu ni jambo jingine, kwani huhesabiwa mmoja mmoja. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha. Tana River iliandikisha wanaume 158,550, wanawake 157,391 na huntha 2. Waondoe hao wawili, na 37 haiingii tena, hubaki 35. Au ongeza mtoto mmoja wa Tarasaa: 315,944 yagawika kwa 8, na haina kigawo hata kimoja inachoshirikiana na jirani yake, isipokuwa 1. Ndivyo zilivyo nambari zote zinazofuatana, kwa sababu kigawo kinachoingia katika zote mbili hulazimika kuingia pia katika tofauti yao, na tofauti yenyewe ni 1.

Walimu wa hesabu wa Garsen na Hola, wapeni wanafunzi idadi ya watu wa wadi yao waitafutie vigawo.